Mama Sabuni na Fomu za Ijumaa

Siku ya kwanza nilipoajiriwa maabara nilichukua kikombe kilichokuwa juu ya kabati, nikanywea maji. Mwenye kikombe akaingia, akaniona. Hakunifokea. Alisubiri nimalize, akakipokea kwa ncha za vidole viwili, akakitupa kwenye pipa la taka, kisha akatoka kwenda kununua kingine. Hivyo ndivyo tulivyojuana mimi na Mama Sabuni.

Jina hilo tulimwita mbele yake, naye hakujali. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye vidole vilivyonyauka kwa maji na pua iliyokunjwa saa zote. Kila kitu kilimtia kinyaa: kalamu ya mtu mwingine, kitasa cha mlango, mkono wa mgeni, na zaidi ya vyote kazi iliyofanywa nusunusu. Mumewe, dereva wa lori la hospitali, alikuwa akituuliza, "Hivi mke wangu akifa, mtamwosha mara ngapi ndipo aridhike?" Tukacheka. Miaka ile nilimcheka sana yule mama, na leo nikikumbuka najionea kinyaa mwenyewe.

Maana maabara yetu ilistahili kinyaa. Kilikuwa chumba cha chini chenye madirisha mawili yaliyotazama magharibi, na jua lilitupiga kuanzia saa saba mchana hadi jioni. Sinki moja lilitumika kwa vioo vya damu na kwa vikombe vya chai, na kwenye tundu lake kulikuwa na utando wa kijivu ambao hakuna aliyethubutu kuugusa. Mkuu wa maabara alikula karanga mbele ya darubini. Maganda aliyaacha papo hapo kati ya vioo, na siku nyingine ungekuta ganda limenata kwenye damu ya mtu. Ukimwambia, anakujibu kwamba alianza kazi hiyo kabla wewe hujaota meno.

Mama Sabuni hakuanzia darasani. Akiwa na miaka kumi na miwili alipelekwa kwa mama yake mdogo, aliyekuwa na meza ya nyama karibu na machinjio, akawekwa uani kuosha matumbo ya ng'ombe. Aliniambia kwamba siku ya kwanza alitapika mara nne, na mara ya nne aliyatapikia matumbo yenyewe, akapigwa. Huko ndiko alikojifunza sheria yake moja ya maisha: matumbo hayasemi kwamba yametakata, maji ndiyo yanayosema. Unamwaga maji ya kwanza, unamwaga ya pili, na ya tatu yakitoka kama yalivyoingia, hapo umeosha. Yakitoka na kitu, unaanza upya. Akaja hospitali akiwa binti wa miaka kumi na tisa, akaajiriwa kuosha vyupa vya maabara, akaviosha kwa miaka kumi na mmoja. Katika kuviosha akawa anasoma lebo, na lebo zikamtia hamu. Akaingia masomo ya jioni, akakaa dawati moja na vijana ambao angeweza kuwazaa, akapata cheti akiwa na miaka thelathini na sita. Mkuu hakumsamehe kwa hilo. Kila walipokosana alimwambia, "Si wewe ulikuwa mwosha chupa?" Naye alijibu, "Nilikuwa, na chupa zilitakata."

Kazi yetu ngumu kuliko zote ilikuwa kuzitambua seli nyeupe za damu. Kwenye darubini, seli iliyochokozwa na virusi na seli ya saratani ya damu zinaweza kufanana mno: zote kubwa, zote zimevimba, zote zina sura mbaya. Mtu akizitazama kwa macho tu huweza kukosea, hata kama amesoma mpaka akaota mvi. Ndiyo maana ikaletwa mashine. Juu ya ngozi ya kila seli kuna alama, na alama hizo zimepewa namba. Sisi tunatia kwenye damu kingamwili zilizopakwa rangi, kila moja ikijua alama yake ya kushika, kisha seli zinapita mojamoja mbele ya mwanga wa leza na kung'aa. Ikiwaka namba tatu, hiyo ni ya ukoo wa T. Ikiwaka kumi na tisa, ni ya ukoo wa B. Ikiwaka thelathini na nne, hiyo ni seli changa. Mahali pake ni ndani ya uboho wa mifupa, na ukizikuta zimejaa kwenye damu, ujue kuna balaa.

Kwa kuwa jambo lenyewe ni la kufa na kupona, kila jibu lilitakiwa sahihi mbili. Ya kwanza ni ya aliyepima, ya pili ni ya mwenzake aliyeitazama picha kwa macho yake. Sheria nzuri. Lakini kwetu, kila Ijumaa baada ya chai, mkuu alizungusha rundo la fomu tupu, nasi tukatia sahihi za pili mapema, ili kazi ya wiki inayofuata isichelewe. Tulitia huku tukipiga soga, fomu nyingine ikipata doa la mafuta ya maandazi. Mimi nilikuwa hodari. Nilitia ishirini kabla chai haijapoa. Mama Sabuni peke yake hakuwahi kutia hata moja. "Sisifii mchuzi ambao sijauonja," alisema, na rundo likampita. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwetu, sisi tuliomsikia ndio tuliokuwa tukivunja miguu ya watu, na wala hatukujua.

Ikaja Ijumaa moja. Saa nane mchana ililetwa damu ya fundi cherehani mmoja, mwanamke wa miaka ishirini na mitatu mwenye mtoto mchanga wa miezi mitano. Alikuwa na homa ya wiki mbili, koo limefunga, tezi za shingo zimevimba kama mayai, na seli nyeupe zimepanda mara tatu ya kawaida. Daktari alikuwa ameona seli kubwa kwenye kioo, akaandika kwenye karatasi "seli changa?" na alama ya kuuliza. Damu ile ilitakiwa kupimwa siku ileile. Mkuu alikuwa na safari yake. Akakiweka kichupa kwenye rafu ya dirisha, akazima mashine, akaenda zake. Kichupa kikakaa pale Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, jua la mchana likikipiga.

Jumatatu asubuhi akakipima hivyohivyo. Akaosha seli mara moja badala ya tatu. Ile rangi ya kuonyesha seli zilizokufa, ambayo sisi tuliiita rangi ya maiti, hakuitia, kwa sababu ilikuwa kabatini imefungwa kwa kufuli. Aliihifadhi kwa siku ya wakaguzi, wakija waikute imejaa. Picha ilipotoka, namba thelathini na nne ilikuwa inawaka kila mahali. Akavuta fomu kwenye droo, akaandika "saratani ya damu", akatia sahihi yake. Ya pili ilikuwa tayari. Ilikuwa yangu.

Mimi wakati huo nilikuwa kwenye dirisha la mapokezi, nikiandikisha vichupa. Saa sita akaja mama mtu mzima amebeba mtoto anayelia. Alikuwa mwalimu mstaafu, mama yake yule fundi. Wodini walikuwa wamemwambia bintiye aache kunyonyesha tangu asubuhi, kwa kuwa kesho yake saa nne angetundikiwa dawa za saratani na dawa zile hupita kwenye maziwa. Bintiye alikuwa amejifunga kanga kifuani, maziwa yanapenya. Wifi yake naye alikuwa ameshafika nyumbani kwao na kuichukua cherehani, eti aitunze. Mgonjwa bado anapumua, watu wanabeba vyombo. Nilisikia nyongo ikinipanda, nikamhukumu yule wifi moyoni, mimi niliyekuwa bora.

Mwalimu akaipitisha karatasi chini ya kioo. "Mwanangu," akaniambia, "samahani kwa kukusumbua. Karatasi hii inaweza kukosea?"

Nikaiona sahihi yangu. Picha yenyewe sikuwa nimeiona. Nilichotakiwa kusema kilikuwa maneno matatu tu, "Ndiyo, inaweza kukosea", na sikuyasema.

"Mwalimu," nikamjibu, "imetiwa sahihi na watu wawili."

Akainamisha kichwa, akanishukuru, akaondoka na mjukuu wake.

Nilipogeuka, Mama Sabuni alikuwa amesimama nyuma yangu. Asubuhi hiyo alikuwa amempeleka mumewe kliniki ya macho na ndiyo kwanza anaingia, bado amebeba mkoba. "Watu wawili gani?" akauliza.

"Mkuu na mimi."

"Uliiona picha?"

"Niliiona."

Akavuta kiti, akaketi. "Basi nieleze, mdogo wangu. Mimi mwosha chupa, nifundishe."

Nikafungua kompyuta. Nilianza vizuri, nikasema hapa namba thelathini na nne inawaka, kwa hiyo seli ni changa. Akasema endelea. Nikasema hapa namba tatu inawaka, kwa hiyo ukoo wa T. Akasema endelea. Nikasogea picha ya tatu, nikaona kumi na tisa nayo inawaka, kwenye seli zilezile. Ya nne, inawaka. Ya tano, inawaka. Nikarudi kwenye picha ya kwanza.

"Endelea," akasema. "Hiyo seli ni T, ni B, ni changa, ni pevu. Umeshawahi kwenda harusini ukakuta mtu mmoja ndiye bwana harusi, ndiye bibi harusi, na ndiye anayefungisha ndoa?"

Akanielekeza tena kwenye skrini.

"Seli hai ina ukoo wake na msimamo wake. Inashika hiki, inakataa kile. Iliyokufa ndiyo inayoshika kila rangi inayopita. Maiti hakatai mtu." Akanitazama kutoka juu mpaka chini, pua imekunjwa. "Na wewe hukuiona picha hii."

"Sikuiona, dada."

Ningefurahi kama angenitukana.

Alikwenda kwenye rafu ya dirisha, akakuta kichupa bado kipo, akakiinua mwangani. Damu iliyokaa hujitenga, maji yake huja juu yakiwa ya manjano. Haya yalikuwa mekundu ya kutu, maana seli zilikuwa zimepasuka na kuoza. Alifungua kizibo, na harufu yake iliponifikia nilirudi nyuma hatua mbili. Akaenda nacho moja kwa moja kwa mkuu, aliyekuwa akimenya karanga.

"Naomba ufunguo wa kabati," akasema.

"Wa nini?"

"Nataka rangi ya maiti."

Mkuu akacheka. "Jibu limeshatoka. Daktari aliziona seli kwa macho yake mwenyewe. Usituharibie jina kwa sababu ya kinyaa chako."

"Daktari aliona seli kubwa. Hata mimi ni mkubwa, ila bado sijawa ugonjwa. Nipe ufunguo, mkuu, au nikipeleke hiki kichupa kwa mganga mkuu wa hospitali akinuse." Akakiweka juu ya sahani ya karanga, kizibo kikiwa wazi.

Mkuu alitoa ufunguo. Karanga hazikuliwa tena siku ile.

Tulipanda wodini saa tisa, yeye mbele, mimi nyuma nimebeba trei. Fundi alikuwa amelala kitanda cha ukutani, midomo imekauka, kanga imelowa kifuani. Mama yake alikuwa korido akimbembeleza mtoto aliyeikataa chupa ya maziwa. Daktari alikuwa mtu mwema aliyechoka, na aliposikia tunataka damu mpya alishika paji la uso. "Mama," akasema, "ugonjwa huu hausubiri. Nimewahi kusubiri siku mbili, nikamzika kijana. Dawa zimeshaagizwa."

"Sikuombi siku mbili," Mama Sabuni akamjibu. "Nipe mpaka saa kumi na mbili jioni. Nikikosea, kesho saa nne mtundikie dawa zako, hutakuwa umepoteza hata dakika."

Daktari akatazama korido, mtoto alikokuwa akilia. Akaitoa damu kwa mkono wake mwenyewe.

Tuliporudi maabara, Mama Sabuni alinifanya nioshe mimi. Alikaa kwenye kigoda kando yangu, mikono mapajani. Nikatia maji, nikazungusha, nikamwaga. Maji ya pili, nikazungusha, nikamwaga. Nilitaka kuishia hapo, maana yalionekana safi, akakohoa. Nikatia ya tatu. Tukatia rangi za alama, tukatia na rangi ya maiti, tukasubiri, tukapitisha.

Rangi ya maiti ikawaka kwenye seli chache tu, tukazitoa. Zilizobaki zilikuwa hai, na kila moja ilijua kwao. Akaniamuru nizisome kwa sauti. Namba tatu ipo: ukoo wa T. Alama nyingine za ukoo zote zipo, hakuna iliyopotea. Zenye namba nane, askari wanaoua seli zenye virusi, zimezidi sana. Thelathini na nane inawaka vikali, alama ya seli iliyoamshwa. Thelathini na nne, ile ya seli changa, hakuna hata kidogo. Za ukoo wa B zilikuwa chache, nazo zilikuwa mchanganyiko wa aina zake mbili, kama inavyotakiwa. Saratani ingekuwa aina moja tu, mama mmoja amejizaa mara elfu.

"Kwa hiyo?" akaniuliza.

"Si saratani. Ni seli pevu, zinapigana na virusi."

"Zimechukia," akasema Mama Sabuni, na kwa mara ya kwanza siku ile pua yake ikakunjuka. "Zimekutana na uchafu, zimechukia, zimevimba. Hivyo ndivyo inavyotakiwa."

Nikavuta droo, nikatoa fomu. Alipoiona sahihi yangu chini, aliichana vipande vinne. Akatoa fomu safi kwenye pakiti mpya, akaandika jibu, akatia sahihi ya kwanza, akanisogezea kiti. "Kaa. Tazama. Ukimaliza kutazama, tazama tena. Kisha utie." Nilitazama dakika ishirini. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutia sahihi ya pili nikijua ninachokitia, katika miaka miwili ya kazi.

Saa kumi na moja na nusu daktari aliisoma akiwa amesimama. Kisha akakaa kwenye ukingo wa kitanda kitupu, akaisoma tena. Alikuja kutazama picha mwenyewe, akauliza maswali saba, akajibiwa yote. Dawa za saa nne zikafutwa, na kesho yake kipimo cha virusi kikathibitisha: homa ya tezi, ugonjwa unaotesa kwa wiki kadhaa kisha unakwenda zake. Nilikuwepo jioni hiyo daktari alipomwambia mgonjwa. Yule fundi alifungua kanga, akanyoosha mikono apewe mtoto, na mtoto akakoma kulia. Cherehani nayo ilirudi baada ya wiki mbili, bila mkanda wala sindano. Wifi alisema ndivyo alivyoikuta.

Kilichonimaliza ni mwalimu. Alinikuta koridoni jioni ileile, karatasi mpya mkononi, ameona sahihi yangu pale chini, na hakujua kwamba sahihi hiyohiyo ilikuwa kwenye ile ya asubuhi. Au alijua, akanisamehe. Aliushika mkono wangu wa kulia kwa mikono yake miwili, akaubusu. "Mungu aubariki mkono huu, mwanangu," akasema. Nilitamani kuukata niutupe.

Nilishuka maabara, nikafungua bomba la sinki lile chafu, nikaosha. Nikatia sabuni, nikaosha tena, nikatia tena. Mama Sabuni alikuwa akifuta meza. Akaniacha mpaka mikono ikawa myekundu.

"Inatosha," akasema. "Unachokiosha hakipo mkononi."

Nikafunga maji.

"Fomu ulizowahi kutia Ijumaa ni ngapi?"

"Sijui, dada. Kama elfu. Labda zaidi."

"Na majibu yake yako wapi?"

Nikamwonyesha kabati la chuma, nyuma ya mlango, mafaili yamepangwa kwa miezi. Alifua kitambaa chake, akakikamua, akakianika kwenye ukingo wa meza. Kisha akavuta viti viwili mpaka mbele ya kabati, akakaa kimoja, akanionyesha cha pili.

"Tutayasoma yote," akasema. "Anza na waliokufa."